Aliyesema Nimeshuka

Jumanne, tarehe kumi na tisa ya mwezi wa nane, saa kumi na mbili kasoro dakika ishirini jioni. Fundi haisahau saa hiyo. Ndiyo iliyomchukua mdogo wake, na mwaka mmoja baadaye, tarehe ile ile, ilirudi kumtafuta yeye.

Mwaka huo wa pili walikwenda kilimani kwa kazi ndogo tu. Kukaza nati nne, kutazama waya, kuteremka kabla giza halijatanda. Walikuwa wawili: Fundi, mtu wa mitambo, na Kamba, mpandaji wa minara, mnene wa tumbo na mwepesi wa ulimi. Watu walishindwa kuelewa ngazi zilimbebaje.

Kazi yao ilikuwa hivi. Sauti ya mtangazaji ilitoka studio, kwenye kilima cha ng'ambo. Ilivuka bonde hewani ikadakwa na ungo wa chuma uliofungwa kwenye mnara wa kilima hiki. Hapo mtambo uliokaa ndani ya kontena uliikuza, ukaipandisha kwenye antena kubwa kileleni mwa mnara, na antena ikaitawanya vijijini. Mtambo ukiwashwa, antena ile haishikiki. Inaunguza nyama mpaka mfupani na haina hata dalili ya moto.

Nyungo mbili zile, wa huku na wa ng'ambo, lazima zionane macho kwa macho. Mawimbi yake hayajui kupinda kona. Yanakatiza bonde kama uzi uliovutwa ukakaza, na chochote kikisimama katikati ya uzi, sauti inadhoofika.

Na kwa wiki nzima kitu kilikuwa kinasimama katikati. Kila siku, saa ile ile, mshale wa mita ulishuka taratibu hadi karibu na sifuri, ukakaa hapo kwa muda wa pumzi saba au nane, kisha ukapanda. Kama mtu anayekatiza mbele ya taa.

"Labda ndege," alisema Kamba akijifunga mkanda wake.

"Ndege mwenye saa mkononi?"

"Wapo. Wa kwangu nyumbani kila nikifungua sufuria anafika."

Fundi hakucheka. Alishika darubini, akatazama ng'ambo. Ungo wa pili ulionekana wazi, mweupe kama sahani. Katikati, chini kidogo ya mstari, palikuwa na kigongo cha ardhi, na juu ya kigongo kuta nne zisizo na paa.

Aliishusha darubini haraka.

Nyumba ile ilikuwa ya mwanamke mzee, mpweke, waliyemwita Bibi wa Kati. Minara ilipojengwa, paa lake liliziba mstari. Fundi ndiye aliyepima. Ndiye aliyenyoosha kidole akasema, "Hiyo nyumba ndiyo inayoziba." Mdogo wake ndiye aliyepanda na kung'oa bati la kwanza. Bibi alipewa nyumba nyingine bondeni, nzuri kuliko ile, lakini hakulala ndani yake hata mwezi mmoja. Akafa. Siku walipong'oa paa alisimama uani akiwatazama, kifua kikikoroma, akakohoa kile kikohozi chake kidogo kikavu, kisha akasema kwa upole tu:

"Mnanitoa ili sauti zenu zipite. Haya, wanangu. Na mimi nitapita humo humo."

Walimwonea huruma. Kisha wakamsahau, kama watu wanavyosahau.

"Fundi," Kamba aliita akiwa tayari na mguu mmoja kwenye ngazi. "Nikuombe kitu, mwanangu? Usinune."

"Sema."

"Mkono wako wa kulia leo uweke mfukoni."

Fundi alimtazama. Kamba naye akayatazama mawingu.

"Huniamini."

"Nakuamini. Tumbo langu ndilo lisilokuamini, na ndilo zito, likianguka litatangulia."

Ilikuwa utani, na haikuwa utani. Mwaka ule mmoja watu wa kazini hawakuwa wakipanda mnara Fundi akiwa chini. Kamba alikuwa wa kwanza.

Desturi yao ilikuwa ya zamani na haikuvunjwa. Mtu akipanda, mtambo unazimwa na juu ya swichi unatundikwa ubao wenye maneno MTU JUU. Mlango wa kontena unaachwa wazi, umefungwa kwa mnyororo kwenye kigingi, maana kuta za kontena ni chuma kitupu, na hata matundu ya nyaya yamezibwa. Mlango ukifungwa, redio ya upepo ya mkononi haisikii kitu. Wimbi haliingii wala halitoki. Aliye juu akifika chini anasema redioni, "Nimeshuka." Kisha anagonga mguu wa mnara kwa spana mara tatu. Neno peke yake halitoshi, wala kugonga peke yake. Vyote viwili, ndipo mtambo unawashwa. Na kama anataka aliye ndani angoje, anagonga mara moja.

Mdogo wake Fundi alikuwa mpandaji. Walimwita Mwewe, kwa jinsi alivyokuwa akifika kileleni na kunyoosha mikono. Alikuwa mtu wa mizaha. "Wachawi wanaruka na ungo usiku wakijificha," alizoea kusema. "Sisi tunaupandisha mchana kweupe, tena kwa mshahara." Kabla ya kupanda alijipaka mabegani dawa ya kuchua yenye kafuri, na harufu yake ilikaa kontenani hata baada ya yeye kuondoka.

Jioni ile ya mwaka jana upepo wa vumbi ulivuma, Fundi akaufunga mlango kwa muda mfupi tu, kuokoa mitambo. Akasikia redioni, wazi kabisa: "Kaka, nimeshuka. Washa."

Akawasha.

Mwewe alikuwa juu bado, anahamisha mkanda kutoka chuma kimoja kwenda kingine, kiganja chake kimeshika antena.

Baadaye Fundi alieleza alichosikia. Mkubwa wa kituo akajifungia ndani ya kontena na redio, mtu akasimama nje akipiga kelele kwenye redio nyingine. Ndani hakikusikika kitu ila mvumo. Basi ikaandikwa kwamba Fundi hakusikia neno lolote, aliwasha kwa haraka tu. Mkewe Mwewe, shemeji yake, hakumfokea wala kumlaani. Aliacha tu kusema naye. Akimwona njiani anainamisha kichwa na kupita. Mwaka mzima. Na kadiri siku zilivyokwenda Fundi mwenyewe alianza kujiuliza... je, nilisikia kweli? Au mimi ni mwongo niliyejidanganya hadi nikaamini?

Hilo ndilo lililomnyima usingizi. Aliswali, alifunga, aliomba. Jibu halikuja.

Kamba akapanda. Fundi alikuwa amekwisha kuzima mtambo na kutundika ubao; sasa akaufunga mlango, ukiwa wazi, kwa mnyororo kwenye kigingi. Aliujaribu mnyororo kwa mikono miwili. Ulikaza.

Akaingia ndani kutazama mita.

Mtambo ukizimwa, feni nayo huzimika, kwa kuwa vimeunganishwa pamoja. Joto lilikuwa limeanza kujikusanya. Mshale wa mita ulisimama vizuri. Saa ya ukutani ilisema kumi na mbili kasoro dakika ishirini na moja. Fundi aliutazama mshale kama mgonjwa anavyomtazama daktari.

Ukaanza kushuka.

Nuru ndani ya kontena ikapungua pamoja nao. Hakugeuka mara moja. Alidhani ni wingu. Akasikia mnyororo ukianguka juu ya mawe, pingili kwa pingili, bila haraka... Akageuka. Mlango ulikuwa unakuja. Hapakuwa na upepo. Ulikuja polepole, kama unavyofungwa na mtu anayejua kuna mtoto amelala.

Aliruka. Alichelewa kwa upana wa kiganja.

Nje, komeo likaanguka.

Komeo hilo alilichomelea yeye mwenyewe miezi mitatu nyuma, wezi walipoiba betri. Linaanguka lenyewe na linafunguka kwa nje tu. Kila wiki alisema ataweka kitasa cha ndani. Kila wiki aliahirisha.

Alisukuma kwa bega. Alipiga teke. Chuma kilimrudishia kishindo chake masikioni, basi. Simu haikuwa na mtandao. Alibonyeza redio.

"Kamba. Mlango umefungwa. Kamba, unanisikia?"

Mvumo. Ulikuwa mvumo ule ule aliousikia mkubwa wa kituo. Hata yeye alijua anafanya ujinga. Wimbi haliingii wala halitoki.

Akakaa chini, mgongo ukutani, kwenye giza lenye taa moja ya kijani ya mita. Jasho lilimtiririka. Hewa ilikuwa nzito, ina ladha ya vumbi la moto. Akajiambia: Kamba atashuka, atafungua. Ni nusu saa. Mtu hafi kwa nusu saa. Akaanza kuomba kimoyomoyo.

Mvumo wa redio ukakatika.

Haukuzimika. Ulikatika namna unavyokatika pale mtu anapobonyeza kitufe mahali fulani na hajasema neno. Kitaa cha redio kiliwaka. Alama za nguvu ya wimbi zilijaa zote tano.

Kisha kukasikika pumzi. Na sauti ya Kamba, ya chini, imechoka:

"Fundi... nimeshuka. Washa."

Alhamdulillahi, alisema moyoni, na mwili wake ukainuka wenyewe. Mkono wake wa kulia ulikwisha kuutoa ubao. Vidole viligusa swichi. Feni itazunguka, alifikiri. Nitapumua...

Hapo macho yake yakaangukia mlango.

Umefungwa.

Alisimama vile, mkono hewani. Alijua hesabu ya jambo lile kama anavyojua jina la mama yake. Mlango umefungwa, kwa hiyo wimbi la nje haliingii. Alama tano, kwa hiyo anayeongea yuko karibu na anaonana na antena hii bila kizuizi.

Hapakuwa na kizuizi.

Anayeongea alikuwa humu ndani.

Akaurudisha ubao pale ulipokuwa, taratibu, kama mtu anayempisha nyoka njia. Kisha akautia mkono wa kulia mfukoni na kuukunja ngumi. Hakuthubutu kutazama nyuma ya kabati la mtambo, ambako taa ya mita haikufika. Harufu ilikuwa inatoka huko. Moshi wa kuni mbichi. Masizi ya paa kuukuu lililonyeshewa.

"Kaka."

Haikuwa sauti ya Kamba tena.

"Kaka, nimeshuka. Mbona huwashi?"

Mwaka mzima alikuwa ameomba kuisikia sauti ile hata mara moja, na sasa ilimjia, na nywele zilimsimama.

"Mwewe?" alinong'ona.

"Washa, kaka. Watu wajue ulinisikia. Ukiwasha watakuamini. Na feni itazunguka... unaona joto? Utakufa humu. Washa."

"Mwewe, kama ni wewe, gonga."

Redio ikapumua.

Ngo. Ngo. Ngo.

Mara tatu. Chuma kwa chuma, sawasawa kabisa. Neno lilikuwa limesemwa, na sasa kugonga kumekuja. Vyote viwili. Mkono mfukoni ukalegea.

Lakini Fundi alikuwa mtu wa mitambo, na Mungu humwokoa mtu kwa kile anachokijua. Kutoka mguu wa mnara kulikuja ukanda wa shaba, ule wa kuteremsha radi ardhini, ukapita kwenye sakafu ya kontena. Mtu akigonga mnara, ukanda unatetemeka. Alipiga magoti, akaushika kwa mkono wa kushoto.

"Gonga tena," alisema.

Ngo. Ngo. Ngo.

Masikio yalisikia. Shaba ilikuwa imelala kama maiti.

"Huyu si mwenzetu," Fundi alisema kwa sauti, na sauti yake ilimtisha. "Ewe Mola, huyu si mwenzetu."

Redio ikakohoa.

Kikohozi kidogo, kikavu, cha kifua kinachokoroma. Kisha zikaja sauti zote kwa zamu, bila kupumzika katikati, ya Kamba, ya Mwewe, ya mkubwa wa kituo, ya mtangazaji anayesoma matangazo ya vifo, ya shemeji yake. *Washa. Washa. Washa, mwanangu.* Pumzi ya zote ilikuwa moja. Na kila neno lilikuwa karibu kidogo kuliko lililotangulia, mpaka harufu ya masizi ikamjia kwenye shingo.

Fundi alijilaza sakafuni, shavu kwenye shaba, mkono wa kulia umekwama mfukoni. Hewa haikutosha tena. Alihisi usingizi mtamu ukimvuta. Ingekuwa rahisi kunyoosha mkono mara moja tu. Dole moja tu...

Shaba ikatetemeka.

Mara moja.

Haikusikika. Aliihisi mfupani mwa shavu, nzito, ndefu, imetoka juu kabisa ya mnara. Kugonga kumoja. *Ngoja.* Na ndani ya ule uvundo wa masizi ikapenya harufu nyingine, nyembamba, ya kafuri.

Alilia pale sakafuni kama mtoto. Akangoja.

Hajui alingoja muda gani. Redio ilisema ikachoka, kisha ikarudi kwenye mvumo wake. Mwishowe shaba ilitetemeka mara tatu, za haraka, za mtu mwenye hasira. Komeo likainuka. Hewa ya jioni ikaingia kama maji.

Kamba alikuwa amesimama mlangoni, kijivu usoni, spana mkononi. Hakutania. Alitazama kwanza swichi. Kisha ubao. Kisha mkono wa Fundi mfukoni. Ndipo akakaa chini juu ya mawe.

"Kwa nini uliniambia nishike antena?"

"Mimi?"

"Redioni. Sauti yako. 'Panda hadi kileleni, ishike antena kubwa uitikise, nimezima.' Mara nne umeniambia. Nilikuwa nimekwisha kunyoosha mkono, Fundi. Hivi."

"Mlango ulikuwa umefungwa, Kamba. Hakuna kinachotoka humu."

Kamba aliutazama mlango. Alijua hesabu hiyo pia.

"Nikajiambia huyu ana nini, mbona anakohoa," alisema polepole. "Wewe hukohoi. Nikarudisha mkono. Nikashuka, nikagonga mara tatu, nikaja."

"Na ile mara moja? Kabla ya hapo."

"Mara moja ipi?"

"Uligonga mara moja ukiwa juu."

"Spana ilikuwa kiunoni, mwanangu. Mikono yote miwili ilikuwa imeng'ang'ania ngazi. Sikugonga kitu."

Walifunga kontena na kuteremka, Kamba mbele, wala hakuna aliyetazama upande wa kigongo.

Fundi hakwenda kwake. Alikwenda moja kwa moja nyumbani kwa shemeji yake, na vumbi lake, akasimama kizingitini. Shemeji alikuwa anakunja nguo za mtoto wake. Aliinamisha kichwa kama kawaida, lakini Fundi hakuondoka.

"Shemeji, nilisikia. Sikuwa mwongo. Leo nimeisikia tena, na Kamba ni shahidi."

Shemeji alikunja nguo nyingine.

Maneno yakamwishia Fundi. Likabaki lile moja, ambalo hakuwahi kumwambia mtu, wala mkubwa wa kituo, wala kulitamka mbele ya Mungu kwa jina lake.

"Lakini siku ile... sikungoja kugongwa. Nilisikia neno, nikawasha. Mwewe hakugonga, na mimi nilijua hajagonga. Upepo ulikuwa unavuma, matangazo yamechelewa, nikasema basi, inatosha."

Nguo ilisimama mikononi mwa shemeji. Kisha aliinua uso, na kwa mara ya kwanza baada ya mwaka akamtazama machoni.

"Hilo ndilo nililokuwa nalingoja," alisema. "Mwaka mzima unawaambia watu ulichosikia, shemeji. Hukuwahi kuniambia ambacho hukukisikia."

Alisogeza kiti kwa mguu. Fundi akakaa. Walilia wote wawili, kila mmoja kwa upande wake, na baadaye akaenda ndani akarudi na spana ya Mwewe iliyofungwa kwenye kitambaa, bado inanukia kafuri, akamwekea mapajani.

Angeondoka na amani usiku ule kama shemeji asingemwuliza jambo la mwisho, akiwa tayari mlangoni.

"Shemeji, matangazo yenu kwenye redio ya hapa dirishani yana ubovu?"

"Sidhani. Kwa nini?"

"Wiki hii kila jioni, kwenye saa kumi na mbili kasoro hivi, inanyamaza. Halafu inakohoa. Mtoto ameanza kuiitikia."

Sasa kontena lina kitasa cha ndani, na mlango unazuiwa kwa jiwe ambalo mtu mmoja halibebi. Fundi na Kamba walipanda hadi kwenye kigongo kwa gharama ya jasho lao, wakaziezeka zile kuta nne kwa makuti machache, chini ya mstari, pasipoziba kitu. Mshale wa mita bado unashuka kila jioni. Unashuka kidogo kuliko zamani. Hawajui kama ni nafuu, au ni mtu amekaa karibu zaidi akisikiliza.

Ee Mungu, wewe ambaye huzuiliwi na ukuta wala chuma, mpokee ndugu yetu Mwewe aliyepanda na hakushuka kwa miguu yake. Msamehe aliyoyafanya kwa ujana, nasi utusamehe tuliyoyafanya kwa haraka. Mlaze palipo na pumziko, palipo juu kuliko minara yetu yote. Na yule bibi, naye ni kiumbe chako. Mpe paa juu ya kichwa chake, apate kulala, ili nasi tulale. Amina.